Low ya David Bowie (1977): usiisikilize kwa spika ya simu

Anayeisikia Low, albamu ya mwanamuziki wa Uingereza David Bowie, kwa mara ya kwanza huwa na malalamiko mawili. Nyimbo saba za mwanzo zinaisha kabla hazijakolea, na nne za mwisho hazina ngoma wala maneno ya maana. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yalikusudiwa. Albamu hii ilitoka Januari 1977, ina nyimbo 11, na kila upande wa santuri unachukua takriban dakika 19. Upande A ni roki iliyokatwakatwa. Upande B ni vipande virefu vya sintesaiza, kinanda, marimba za chuma na saksafoni. Kama unanunua albamu moja tu ya roki ya majaribio, nunua hii, na uinunue kwa ajili ya upande B. Ila usiuruke upande A, kwa sababu ndio unaolifundisha sikio namna ya kusikiliza kinachofuata.

Kwanza tusafishe makosa mawili yanayorudiwa kila mahali. Low huitwa albamu ya Berlin, lakini sehemu yake kubwa ilirekodiwa Ufaransa, kwenye studio ya Château d'Hérouville, Septemba 1976. Baadaye ndipo kazi ikahamia studio ya Hansa, Berlin Magharibi, karibu kabisa na Ukuta uliogawa jiji. Kosa la pili ni kumwita Brian Eno, mwanamuziki wa sintesaiza, prodyuza (msimamizi wa kurekodi). Maprodyuza ni Bowie mwenyewe na Tony Visconti. Eno alileta sintesaiza yake ya EMS, mawazo, na mkono mzito kwenye upande B.

Anza na ngoma. Visconti alikuja na mashine mpya wakati huo, Eventide H910 Harmonizer, inayoweza kupandisha au kushusha sauti bila kubadili kasi yake. Aliunganisha maikrofoni ya snea (ngoma ndogo yenye waya chini) kwenye mashine, akashusha sauti kidogo, kisha akairudisha ndani ya mashine ile ile ili ishuke tena na tena. Matokeo yake kila pigo la snea linaanza kama kawaida, halafu linazama. Mpiga ngoma Dennis Davis alikuwa anaisikia sauti hiyo kwenye hedifoni wakati anapiga, kwa hiyo akawa anapima uzito wa mkono wake kulingana na jibu la mashine. Ndiyo maana haisikiki kama kiungo kilichonyunyizwa baadaye. Isikilize kwenye Speed of Life, wimbo wa kwanza, ambao nao ni wa ala tupu. Ukiweka ile programu ya simu ya kuongeza besi, mkia wa snea unageuka tope na gitaa la besi la George Murray linapotea humo humo. Izime.

Aliyelelewa na muziki wa dansi, anayejua kulifuata gitaa la solo, la ridhim na la besi kila moja kwa njia yake, atafaidi upande huu haraka kuliko mtu wa roki. Carlos Alomar yuko kwenye ridhim, Murray kwenye besi, Davis kwenye ngoma. Watatu hawa ni watu wa soul na funk wa Marekani, na Bowie alikuwa nao tangu kabla ya albamu hii. Ricky Gardiner ndiye mwenye solo. Msingi wao ulirekodiwa kwa siku chache tu, na unasikika hivyo, hauna mafuta. Kisha juu yake Eno na Bowie wakaweka milio inayokwaruza. Breaking Glass haifiki dakika 2. Sound and Vision ina dakika 3, na Bowie haanzi kuimba ubeti mpaka nusu ya wimbo imekwisha. Ukidhani umebonyeza toleo lisilo na sauti, subiri. Always Crashing in the Same Car ndio wimbo bora wa upande huu, Be My Wife ni wa kawaida, na A New Career in a New Town, wa mwisho, ni wa ala tena: mapigo membamba ya mashine, halafu bendi nzima inaingia na kinanda cha mdomo, halafu mapigo membamba tena. Hapo umeshaonyeshwa mlango wa upande B.

Sasa Warszawa. Una dakika 6 na sekunde 20 hivi, na ulitengenezwa kwa njia inayofaa kuelezwa, kwa sababu ukiijua unaacha kutafuta mdundo ambao haupo. Eno alianza kuujenga Bowie alipokuwa Paris kwa mambo ya kisheria. Mtoto wa Visconti, wa miaka minne, alikuwa anabonyeza noti tatu jirani kwenye piano, A, B, C, akirudia. Eno akazichukua. Badala ya kugawa wimbo kwa bari (mafungu sawa ya mapigo) za nne nne, walirekodi kwanza mibofyo 430 ya metronomu kwenye tepu tupu. Mabadiliko ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) yakapangwa kwa namba za mibofyo, bila kujali hesabu ya bari, kisha mibofyo ikafutwa. Kinachobaki ni muziki unaotembea bila hatua unayoweza kuihesabu. Kodi inabadilika mapema kidogo au kuchelewa kidogo kuliko mwili ulivyotarajia, na huko ndiko huzuni yake inakotoka.

Mwanzo wake ni noti moja ya chini inayogongwa tena na tena. Spika ya simu haiwezi kuitoa noti hiyo. Inakuachia mlio mwembamba wa juu yake tu. Asilimia kubwa ya wanaosema Warszawa unachosha wameusikia hivyo. Tumia hedifoni za waya za bei ya kawaida, au spika mbili zilizotenganishwa kama mita mbili. Weka sauti mapema, ukiwa bado kwenye upande A, na usiipandishe Warszawa inapoanza taratibu. Baada ya dakika moja hivi melodi kuu inaingia kwa nguvu, na ukishapandisha itakukera.

Karibu na dakika ya nne Bowie anaimba kwa lugha isiyokuwepo. Usitafute tafsiri. Kuna sauti ya kitoto humo ndani, nayo ni yake pia: Visconti alipunguza kasi ya tepu kwa nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti) tatu, Bowie akaimba, na tepu iliporudi kwenye kasi yake sauti ikapanda. Mtu anayerekodi nyumbani anaweza kujaribu hili kwa programu yoyote ya kuhariri sauti, ila akumbuke kubadilisha kasi na sauti kwa pamoja. 

Art Decade unafuata, kama dakika 3 na robo tatu. Selo inayosikika chini ilipigwa na Eduard Meyer, fundi mitambo wa Hansa. Ni wimbo unaopenda kusikilizwa taratibu, na ndio unaosahaulika kwa sababu umebanwa kati ya Warszawa na Weeping Wall. Huo wa tatu, kwa maoni yetu, ndio dhaifu wa upande B. Bowie alipiga ala zote peke yake, akifuata mtindo wa mtunzi Steve Reich wa vibrafoni (marimba za chuma) na zilofoni (marimba za mbao) zinazojirudia, na juu yake akaweka melodi inayokumbusha Scarborough Fair, wimbo wa jadi wa Kiingereza. Ufundi upo, lakini ni zoezi zaidi kuliko wimbo. Unavumilika kwa sababu unaiandalia nafasi Subterraneans.

Subterraneans ulianza mwaka 1975, kwenye muziki ambao Bowie alikuwa anauandaa kwa ajili ya filamu ya The Man Who Fell to Earth na ambao haukutumika. Besi yake inasikika ikivutwa ndani badala ya kugongwa, kwa kuwa tepu iligeuzwa kinyumenyume. Kisha inaingia saksafoni ya Bowie mwenyewe. Yeye aliuhusisha wimbo huu na watu waliobaki Berlin Mashariki baada ya jiji kugawanywa, na saksafoni ni kumbukumbu ya maisha ya kabla. Hata asiyejua habari hiyo anaisikia. Bowie hakuwa mpigaji hodari wa saksafoni, na hapa udhaifu huo umefaa. Mpigaji wa jazi aliyebobea angeujaza wimbo noti nyingi ukafa.

Kuhusu toleo la kununua, hesabu nyimbo kwanza. Toleo halisi lina 11. CD ya kampuni ya Rykodisc ya mwaka 1991 ina 14, kwa sababu mwishoni zimeongezwa Some Are, All Saints na mchanganyo mpya wa Sound and Vision. Some Are ni nzuri kweli, lakini kumaliza Subterraneans kisha kurukiwa na Sound and Vision yenye ngoma nzito ni uharibifu. Kama ndiyo uliyonayo, zima baada ya wimbo wa 11 na usikilize za ziada siku nyingine. CD ya 1999 na matoleo ya 2017 yana nyimbo 11 zile zile.

Santuri ya mtumba ikague upande B, hata kama muuzaji anakuchezea upande A. Ngoma za upande A zinaficha mikwaruzo. Warszawa haifichi kitu. Iinamishe chini ya taa na utazame mifereji ya ndani, karibu na karatasi ya katikati, ambako Subterraneans imechapwa. Pale sindano inaona mfereji ukipita kwa mwendo mdogo sana: pembezoni ni kama sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na katikati unashuka kuelekea sentimita 21. Mawimbi ya sauti yamebanana, na sindano iliyochakaa au iliyopangwa vibaya inaifanya saksafoni iparuze. Kabla ya kulaumu santuri, pima uzito wa sindano. Katriji (kichwa kinachobeba sindano) nyingi za kawaida zinataka kati ya gramu 1.5 na 2, lakini fuata maelezo ya yako. Uzito mdogo kupita kiasi unaharibu mifereji kuliko uzito uliozidi kidogo, kwa sababu sindano inarukaruka.

Wanaosikiliza kwa intaneti wazime uchezaji wa kuchanganya nyimbo (shuffle), na wazime pia ule mpangilio unaounganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Baada ya wimbo wa saba simamisha kwa dakika moja. Kwenye santuri ungekuwa unageuza upande, na upumuaji huo ni sehemu ya mpangilio wa albamu.

Ukitaka kujua kama melodi hizi zina nguvu zenyewe au zinabebwa na sintesaiza, mtunzi Mmarekani Philip Glass alitunga simfonia yake ya kwanza mwaka 1992 akitumia Subterraneans, Some Are na Warszawa, na zinasimama kwa okestra. Baada ya hapo nenda kwenye albamu yake "Heroes", ya Oktoba 1977, ambayo nayo imeweka vipande vya ala upande B. Sense of Doubt ni mkali kuliko chochote kilichomo Low. Lodger ya 1979 haina wimbo wa ala hata mmoja, ila ina African Night Flight, uliotokana na safari ya Bowie Kenya, na ndani yake utasikia "habari" ikirudiwa kwa matamshi ya mgeni.