Dawati la msaada kwa wasio na wakili katika mahakama ya familia: linafaa kwa nani, na linaishia wapi

Nimetumia huduma ya dawati la msaada kwa wadaawa, yaani wenye kesi mahakamani, wasio na wakili tangu nilipofungua maombi ya malezi na matunzo ya mtoto hadi uamuzi ulipotolewa, na ninaisifu kwa moyo wote, ingawa anayeitegemea anapaswa kujua mapema mipaka yake.

Ubora wake mkubwa uko kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kwamba ni ya kweli. Wengi wetu tunafika mahakamani tukiwa na machungu, na machungu hayo ndiyo tunayoyaandika. Mhudumu alipitia rasimu yangu aya kwa aya, na kila alipokuta maneno kama "ni mzazi asiyejali" aliuliza: amefanya nini, lini, na nani alishuhudia? Maneno hayo yakaondolewa, na mahali pake pakawekwa muhula ambao ada haikulipwa, pamoja na risiti ya ada niliyoilipa mwenyewe, ikiwa imepewa alama ya kielelezo na namba ya ukurasa. Alinieleza pia kwamba hakimu hapimi ni mzazi yupi ameumizwa zaidi, bali huangalia maslahi ya mtoto, ambayo kifungu cha 3 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinayapa uzito wa kwanza. Kwa hiyo nani humpeleka mtoto kliniki, nani huzungumza na mwalimu wake, na mtoto hulala wapi siku za shule, hayo ndiyo ya kuandikwa.

Maelezo kuhusu kumfikishia upande wa pili hati, na kuleta uthibitisho kwamba amezipokea, yalikuwa mafupi na yalitosha. Foleni ni ndefu, fika mapema.

Upungufu unaanza siku ya kusikilizwa. Wahudumu hawaruhusiwi kukushauri udai nini wala kukusemea mbele ya hakimu, na hilo ninalielewa. Lakini kijitabu chao kinagusia tu maswali ya dodoso, yaani yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, ilhali hapo ndipo asiye na wakili hupata taabu kuliko popote, kwa kuwa yeye ni shahidi na mwakilishi kwa wakati mmoja. Ingewasaidia wengi kama wangefundishwa kuuliza jambo moja katika kila swali, kuandika jibu kabla ya kuendelea, na kutobishana na shahidi. Nchini Uingereza, tangu uamuzi wa rufaa katika shauri la talaka la McKenzie dhidi ya McKenzie la 1970, mdaawa huweza kuketi na mtu wa kumwandikia na kumnong'oneza. Hapo ulipo, muulize karani kama mahakama inaruhusu jambo kama hilo.

Kwa maombi ya matunzo, au pale ambapo wazazi wamekwisha kukubaliana, dawati hili linatosha kabisa. Pakiwa na mgogoro wa mali nyingi, au hofu ya mtoto kupelekwa nje ya nchi, tafuta wakili hata kwa kikao kimoja. Aliyepigwa au kutishiwa na mwenzake aseme hivyo dawatini siku ya kwanza kabisa, ili amri ya ulinzi iombwe kabla pande zote mbili hazijakutanishwa ukumbini. Uamuzi ukishasomwa, omba nakala iliyothibitishwa siku hiyohiyo, kwani muda wa kukata rufaa huwa mfupi.