Skuta ya umeme kwa kijana: anza na breki, spidi baadaye

Karibuni tena. Hii hapa mezani ni skuta ya umeme ya aina ambayo wazazi wengi huwanunulia vijana: betri ya volti 36, mota ya wati 350, tairi za inchi 8.5, spidi ya juu kilomita 25 kwa saa. Kwenye boksi hiyo spidi imeandikwa kwa herufi kubwa. Breki zimepewa mstari mmoja, chini kabisa.

Kilomita 25 kwa saa ni kama mita 7 kila sekunde. Kijana akishtuka, sekunde nzima inaweza kupita kabla vidole havijabana breki. Mita 7 hizo zimeshaliwa na skuta bado iko mbio vilevile. Halafu nguvu ya kugonga haiendi sawa na spidi: ukitoka 15 kwenda 25, inakaribia kuwa mara 3. Kwa anayejifunza, funga spidi kwenye 15 kupitia programu ya simu, na namba ya siri ikae kwako. Uikague kila wiki, maana vijana wanajua kuifungua.

Sasa sogeeni karibu. Nyuma kuna breki ya diski, mbele mota yenyewe ndiyo inayopunguza mwendo. Hiyo ya mbele ihesabu kama msaidizi tu. Bana mkono wa breki hivi. Umegusa mpini na gurudumu bado linazunguka? Waya umelegea. Zungusha skrubu ya kurekebishia nusu mzunguko, jaribu, kisha nusu nyingine, mpaka breki ishike mkono ukiwa umefika katikati ya safari yake. Inua gurudumu ulizungushe: breki isisugue diski.

Sehemu ninayoiogopa zaidi ni hii bawaba ya kukunjia. Bana gurudumu la mbele kwa miguu, shika mpini, sukuma na kuvuta. Ukisikia "tok", bawaba inacheza. Kaza boli zake kwa kile kiufunguo cha umbo la L, na hakikisha komeo la pili limeingia. Bado inacheza? Haitoki nje. Mpini ukijikunja barabarani, mtoto anatangulia na uso.

Tairi: nusu kipenyo ni kama sentimita 11 tu. Shimo ambalo baiskeli inalipita kwa kuyumba kidogo, gurudumu hili linanasa humo. Upepo jaza kama ilivyoandikwa ubavuni mwa tairi. Zile tairi ngumu zisizojazwa upepo hazipati pancha, lakini kwenye maji nyingi huteleza.

Helmeti. Zenye alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, hupimwa kwa kuangushwa kwa mwendo usiofika kilomita 20 kwa saa. Linganisha na ile 25 ya kwenye boksi, utaelewa kwa nini nimeng'ang'ania 15. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ifanye V chini ya sikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja. Mwambie atikise kichwa. Ikihama, kaza tena. Ikishapata kishindo kimoja kikubwa, itupe hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu povu la ndani hubonyea mara moja tu.

Umri? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kinashauri walio chini ya miaka 16 wasiendeshe skuta za umeme. Nakubaliana nacho, kwa hiyo hii simpi wa miaka 12 hata akiwa mrefu. Na ubao huu ni wa mtu mmoja: wa pili akipanda, breki zinazidiwa na usukani unakuwa mzito.

Chaja: ya betri ya volti 36 hufikia volti 42, ya volti 48 hufikia 54.6, na plagi zake zinaweza kufanana. Ndugu wawili wakibadilishana chaja, betri ndogo inaweza kujazwa kupita kiasi ikashika moto. Zitieni rangi tofauti, na msichaji mlangoni wala mkiwa mmelala.

Kwa baiskeli ya umeme, mtoto aweze kuisimamia nyayo zote mbili zikiwa chini. Inua gurudumu la nyuma, iwashe mota, gusa breki kidogo: mota inatakiwa ikate palepale. Isipokata, irudishwe dukani kabla haijaendeshwa.