Biti za bisibisi: zipi ununue, zipi uziache dukani

Skrubu ikilika kichwa, wa kwanza kulaumiwa ni skrubu yenyewe, na baadaye drili. Mara nyingi mkosaji ni kile kipande cha chuma cha milimita 25 kilicho katikati yao, ambacho hakuna aliyekitazama tangu siku kiliponunuliwa. (Nazungumzia biti za kukazia na kufungulia skrubu, si zile za kutobolea.) Biti ni kama wembe: inatumika, inachoka, inatupwa. Anayeinunua kana kwamba atairithisha wajukuu huishia kuisukuma mpaka ncha imekuwa duara, na gharama anayodhani ameiokoa inamrudia kwa njia ya skrubu zilizoharibika.

Kabla hujauliza chuma gani au kampuni gani, uliza skrubu zako ni za aina gani. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaona nyota na kuamini nyota zote ni ndugu. Kuna PH (Phillips) na kuna PZ (Pozidriv), na namba inayofuata herufi hizo ni saizi. Tazama kichwa cha skrubu: ukiona nyota tupu, hiyo ni PH, ukiona nyota yenye vistari vinne vyembamba kati ya mabawa yake, hiyo ni PZ. Mabawa ya PH yamechongwa kwa mteremko, hivyo nguvu ya kuzungusha ikizidi, biti hupanda mteremko huo na kuruka nje. Ya PZ yamesimama karibu wima na hushika vizuri zaidi. Ukitia biti ya PH kwenye skrubu ya PZ itaingia, lakini itacheza. Ukifanya kinyume chake, haitafika chini. Kwa vyovyote vile, kinacholika ni kichwa cha skrubu.

Kwa kazi za kawaida, PH2 ndiyo biti ya skrubu za jipsamu, na PZ2 inafaa skrubu nyingi za mbao zenye unene wa milimita 3.5 hadi 5. Chini ya hapo shuka kwenye namba 1. Skrubu za milimita 6 zinataka PZ3. Kama una uhuru wa kuchagua skrubu zenyewe, chagua Torx, ile nyota ya ncha sita iliyobuniwa mwaka 1967. Inashika bila kuhitaji kukandamizwa kwa uzito wa mwili mzima, na saizi zake za T20 na T25 zinatosha kazi nyingi za mbao. Mimi nikianza kazi mpya sinunui tena skrubu za PH, ila za jipsamu tu. Huko kule kuruka kwa biti kuna faida yake, maana skrubu isiposimama kwa wakati hupasua karatasi ya ubao.

Nenda dukani na skrubu tatu nne mfukoni. Ingiza biti kwenye skrubu kisha uitikise kushoto na kulia. Isiyofaa utaisikia vidoleni mara moja, inacheza kama jino bovu. Inayofaa hukaa kimya, na mara nyingi ukiilaza biti, skrubu inabaki imening'inia hata bila sumaku. Jaribio hili linakwambia mengi kuliko maandishi yote ya kwenye pakiti.

Maandishi hayo nayo yasomwe, lakini kwa jicho la wasiwasi. S2 ni chuma cha zana kilichokusudiwa kuvumilia mishtuko, na ndicho ninachokitafuta. CR-V, yaani chuma chenye kromu na vanadiamu, ni kizuri kwa spana na soketi, lakini kwenye ncha ndogo ya biti mara nyingi huchoka mapema. Ugumu wa karibu 60 kwa kipimo cha Rockwell C ndio wa kawaida kwa biti nzuri. Ikiwa laini, mabawa yanajikunja. Ikiwa ngumu kupita kiasi, yanavunjika kama kioo. Shida ni kwamba herufi S2 mtu yeyote anaweza kuzipiga chapa, kwa hiyo rudi kwenye ncha: kingo ziwe kali na zinazofanana pande zote nne, na mabonde kati ya mabawa yawe safi. Ukiona rangi imejaa kwenye mabonde, au bawa moja ni nene kuliko wenzake, rudisha. Biti isiyo na alama ya saizi kwenye shina usiiguse kabisa. Na rangi ya dhahabu isikulevye. Upako wa kweli wa nitridi ya titani huongeza ugumu wa ngozi ya chuma, ila macho hayawezi kuutofautisha na rangi tu.

Jambo la mwisho kabla ya orodha: kama unatumia drili ya impakti, ile inayokaza skrubu kwa mapigo ya kuzungusha, tafuta biti yenye kiuno, yaani iliyopunguzwa unene katikati. Kiuno hicho hujipinda kidogo kila pigo linapokuja, na ncha haibebi mshtuko wote peke yake. Kwa bisibisi ya mkono, kiuno ni pambo.

Sasa nani wa kwanza, nani wa mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa pakiti ya saizi moja: biti tano au kumi za PZ2, au za T25, au chochote unachokitumia kila siku, pamoja na kishikio kimoja cha sumaku. Haivutii macho, najua. Lakini kazi yako kubwa inafanywa na saizi mbili au tatu, na ukiwa na biti kumi zinazofanana huna sababu ya kung'ang'ania iliyochoka. Biti za milimita 25 zinatosha ukiwa na kishikio. Za milimita 50 zina mfereji kwenye shina unaoshikwa moja kwa moja na mdomo wa impakti, na zinafika kwenye pembe zilizobana. Ukiweza, nunua zote mbili.

Ya pili ni seti ndogo ya biti 20 hadi 30, ya kampuni inayouza pia biti moja moja. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloipa nafasi hii, kwani PZ2 itakufa mapema na utataka kuijaza bila kununua kisanduku kizima upya. Kwa mtu anayeanza, au wa kazi za nyumbani tu, hii inaweza hata kupanda ya kwanza.

Ya tatu, biti zenye ncha pande zote mbili. Zinaonekana kama unapata mbili kwa moja. Ila ncha ya pili hukaa imefichwa ndani ya mdomo wa drili, ikikwaruzwa, na siku ukiihitaji unaweza kuikuta imekwisha kuumia.

Ya mwisho kabisa ni kisanduku cha biti mia na zaidi. Nilinunua kimoja. Nusu yake sijawahi kukutana na skrubu zake, na zile nne za PH2 zilizokuwemo zililika katika wiki ya kwanza ya kufunga makabati. Kinachobaki ni kisanduku kizito cha biti usizozihitaji. Kina faida moja tu: siku ya skrubu ya ajabu, kama Torx yenye kijiti katikati, huenda dawa yake imo humo.

Biti ndogo za simu na kompyuta zina shina la milimita 4. Hizo ni ununuzi mwingine, usizichanganye na hizi.

Kuhusu kuhifadhi, adui wa kwanza ni kopo. Biti zikiwa zimerundikana humo zote zinafanana, mkono unachukua inayotangulia, na PH2 inaingia mahali pa PZ2. Zisimamishe ncha juu, alama ikisomeka. Kipande cha mbao kinatosha, lakini angalia kipenyo: shina la biti lina milimita 6.35 kutoka ubavu hadi ubavu, na kona hadi kona linafika kama 7.3. Tundu la 6.5 litakukatalia. La milimita 7 hubana kwenye mbao laini, la 7.5 huiacha biti iingie na kutoka bila ugomvi. Kina cha milimita 12 kinaishika biti fupi vizuri. Andika saizi kwa kalamu pembeni ya kila tundu, na tundu lililo tupu litakwambia kilichopotea kabla hujaondoka kazini.

Kutu huanzia kwenye jasho la mikono na kwenye mbao mbichi, kwa hiyo mbao iwe kavu kabisa. Futa biti kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kuziweka muda mrefu, kisha ufute ncha tena siku ya kazi zisije zikateleza. Vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, vitupie ndani ya kisanduku. Utepe wa sumaku ukutani ni mzuri ila unakusanya unga wa chuma, na unga huo ukijaa nchani biti haikai vizuri kwenye skrubu; uvute kwa kubandika utepe wa karatasi wenye gundi na kuubandua. Zile unazofungia skrubu za chuma cha pua zitenge peke yake, maana chembe za chuma cha kawaida zikibaki kwenye kichwa cha skrubu zitashika kutu hapo hapo.

Halafu kwa kila saizi weka biti moja mpya usiyoitumia kabisa. Hiyo ni shahidi. Ukishuku biti imechoka, ziweke mbili sambamba kwenye mwanga: iliyokwisha ina kingo zinazong'aa na mabegani imelainika. Hiyo hairudi kwenye tundu lake, inaenda moja kwa moja kwenye chuma chakavu.