Seti ya netiboli ya Kariakoo: mpira safi, pete si pete

Nafundisha michezo sekondari moja hapa Morogoro, mwaka wa kumi na tisa huu napuliza filimbi. Kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, niliagiza seti nzima ya netiboli kwenye duka moja la vifaa vya michezo Kariakoo: mipira miwili, vizibao saba vya herufi, sketi kumi, nguzo mbili na pete zake. Laki tano na nusu pamoja na nauli ya basi. Mzigo niliupokea stendi ya Msamvu saa tatu usiku, umefungwa vizuri. Hapo sina neno.

Mipira naipa nyota tano. Ni namba 5, ina vipele vinavyoshika kiganja hata chenye jasho na vumbi, na kwa miezi miwili nimeijaza upepo mara moja tu. Vizibao navyo herufi zake zimeshonwa, hazikubandikwa, kwa hiyo vikifuliwa GK (mlinda goli) anabaki GK.

Sasa nguzo. Kufungua tu, nakuta pete ina ubao nyuma. Nikachukua futi kamba: sentimita 45, pete ya mpira wa kikapu. Pete ya netiboli ni 38 kwa ndani na ubao haina. Nikampigia muuzaji. "Mwalimu, si yote kikapu tu?"

Nilicheka. Kijana yule yuko sahihi, ila kachelewa miaka mia na ushee. Chuo cha ualimu tulikuwa na mkufunzi, mama mmoja mkali, ambaye hakuna somo la michezo alilofundisha bila kumtaja Martina Bergman-Österberg. Huyu alikuwa Mswidi aliyefungua chuo Hampstead, London, mwaka 1885, cha kwanza Uingereza kuwasomesha wanawake ualimu wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1893 mgeni kutoka Marekani akawaonyesha wanachuo wake mpira wa kikapu, mchezo ambao huko kwao, mjini Springfield, ulikuwa na miaka miwili tu. Vikapu halisi hawakuwa navyo, wakatundika ukutani vile vya kutupia karatasi. Mwaka 1895 chuo kikahamia Dartford, kwenye viwanja vya majani, na mchezo ukatoka nje. Miaka miwili baadaye akaja Mmarekani mwingine, mwanamke, ndipo vikapu vikaondoka zikaja pete, mpira ukawa mkubwa zaidi, uwanja ukagawanywa sehemu tatu. Sheria zikachapishwa 1901. Kwa hiyo ukisema "mpira wa pete" umeshataja kilichobadilika Dartford. Sisi tumeupata mchezo huu kupitia shule za enzi ya Mwingereza, na jina tulilolichagua wenyewe linaeleza kuliko netiboli, maana netiboli inasifia wavu, na pete zangu nyingi hazijawahi kuuona.

Muuzaji alisikiliza yote haya (dakika za maongezi zangu), kisha akasema nirudishe pete kwa gharama yangu. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapa mjini, akanikunjia pete mbili za 38 kwa elfu thelathini, siku hiyohiyo.

Sketi nazo zimenikera. Kitambaa kizuri, rangi haichuji, ila zimeshonwa nyembamba, hazina marinda hata moja. Senta wangu alipiga hatua ya kwanza ndefu, tukasikia mshono. Kule kwa Madam Martina jambo hili lilishatatuliwa: wasichana walifika na makoti ya kubana kiuno na sketi za kufagia sakafu, hadi mwanachuo mmoja, Mary Tait, ambaye ndiye hupewa sifa hiyo, akabuni mwaka 1892 gauni lisilo na mikono, limejaa marinda, la kufanyia mazoezi. Likaja kuwa sare ya shule nyingi za wasichana. Halafu mwaka huu mtu ananishonea gunia! Tumefumua pembeni tukatia vipande vya khanga, na wasichana wamezipenda kuliko zilivyokuja.

Kwa ujumla nyota tatu. Mipira na vizibao chukueni bila wasiwasi. Nguzo, mwambie muuzaji aweke futi kamba kwenye pete akupigie picha kabla hujatuma hela. Sketi mpe fundi wako.

Zile pete za 45 na mbao zake wamezichukua wavulana wa kikapu. Wamezifunga kwenye mwembe nyuma ya bwalo, wanashinda huko hadi giza, na mchango wa kunirudishia hela yangu mpaka leo haujafika hata elfu tano.