Mfuko gani wa kwenda nao sokoni Mwanga? Nimewapangia kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho

Wana Kigoma, toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kila nyumba ina rundo la mifuko mbadala nyuma ya mlango, alafu bado tunaenda sokoni mikono mitupu tunanunua mwingine. Mi nimeipanga kwa kuangalia maisha yake yote, malighafi, kiwanda, safari mpaka huku, matumizi, mpaka siku inatupwa, sio kuangalia tu kama unaoza.

Namba 1 ni kiroba cha kushonesha. Kile cha mchele kikiisha unampelekea fundi cherehani anakikata anakiwekea mikono miwili. Ni plastiki ndio, najua mtaanza, ila hiyo plastiki ilishatengenezwa na kazi yake ya kwanza ilishafanya, wewe unaongeza uzi tu. Samaki kama migebuka wakivuja unasuuza kwa maji kidogo kinakauka. Usikisahau juani tu, kinaanza kumeguka nyuzinyuzi na zile nyuzi ndo zinaishia ziwani.

Namba 2 kikapu cha ukindu. Ukindu unaota tena na kikichoka kinaoza, shida maji ya samaki, kinashika harufu na ukungu. Cha mboga safi kabisa.

Namba 3 ule mbadala laini wa kila duka, unaofanana na kitambaa ila ni plastiki. Kiwango cha chini ni gramu 70 kwa mita ya mraba, ukiona mwanga unapita ka chandarua achana nao. Waingereza walipima 2011 wakakuta, kwa upande wa hewa ukaa, lazima utumike mara 11 ndo usiuzidi ule mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Wa kwako umefika safari ya ngapi?

Namba 4 khaki, ule mfuko wa karatasi. Hesabu hiyohiyo, mara 3. Sasa khaki gani inafika safari ya 3 hapa? Mi nilibebea dagaa wabichi kutoka Kibirizi, njiani kitako kikaachia juu ya bodaboda, dagaa chini, kunguru washafika. Mkate sawa.

Mwisho kabisa pamba, ule mzuri wa semina. Kwa Waingereza mara 131, maana pamba inakula ardhi, maji, mbolea na dawa kabla haijafika kiwandani. Denmark 2018 walipata mara 52 kwa hewa ukaa peke yake, walipoangalia na madhara mengine yote, lile linalodai mara nyingi zaidi likafika 7,100, kwahiyo mtu akikutajia namba muulize kapima nini na kalinganisha na mfuko gani. Wangu ulimwagikiwa mawese mwezi wa kwanza tu, nimeloweka, nimesugua kwa maji ya moto, na mkaa wa kuchemshia nao unaingia kwenye hesabu, doa la chungwa liko palepale. Kama unao usiutupe, ila kununua mpya eti kwa ajili ya mazingira, hapana. Wangu sahivi unatunza vitunguu.