Uzoefu wangu na mikisa ya tableti kwenye bendi ya watu watano

Kilichonifanya niipende mikisa hii, yaani mashine ya kuchanganya sauti inayoendeshwa kwa tableti, si wingi wa efekti zake. Ni kwamba sasa naweza kushuka jukwaani tunapopima sauti, nikasimama katikati ya ukumbi pale atakapokaa msikilizaji, nikasikia atakachosikia yeye na kurekebisha hapohapo. Kwa bendi ndogo isiyo na fundi mitambo wake, hilo peke yake lilitosha kunishawishi.

Ni mikisa ya kidijitali ya chaneli 18, yaani njia 18 za kuingizia sauti, isiyo na feda (vile vitasa vya kusukuma juu na chini) hata moja. Ni boksi tu, lenye matundu ya XLR ya kuchomekea kebo za maiki, soketi ya umeme na antena fupi. Vitasa vyote viko kwenye tableti. Behringer, Soundcraft na Mackie wote wametengeneza mashine za namna hii. Ya kwetu sitaitaja, kwa sababu mengi ninayoyaeleza, mazuri na mabaya, ni ya aina yake kwa jumla.

Sisi tuna mwimbaji, gita, besi, kinanda na ngoma. Tuna spika mbili zenye amplifaya ndani, sabwufa moja na monita nne za sakafuni, yaani spika za kujisikilizia sisi wenyewe jukwaani. Mimi napiga kinanda, na ndiye ninayefunga mitambo.

Faida ya kwanza inaonekana kabla hata ya kuwasha umeme. Zamani mikisa ilikaa mwisho wa ukumbi, na ile kebo nene ya kuunganisha jukwaa ilibidi ivutwe ukutani, ibandikwe tepu watu wasijikwae, kisha ikunjwe usiku wa manane wote mkiwa mmechoka. Sasa boksi linakaa jukwaani karibu na mpiga ngoma, na kebo zote ni fupi. Spika ndizo zinazobaki kutaka akili. Ziwekwe mbele ya maiki, zisielekee nyuma jukwaani, na ziinuliwe juu ya vichwa vya watu. Zikiwa chini, waliokaa mbele wanapigwa masikio huku wa nyuma wakipata besi tupu, maana miili ya watu inameza sauti nyembamba haraka kuliko nzito.

Geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inapoingia kwenye mikisa, ndiyo kazi yenyewe, na hakuna programu itakayokufanyia vizuri kuliko masikio yako. Ninamwomba mwimbaji aimbe kiitikio kwa nguvu zote, si ule mnong'ono wa "moja, mbili, tatu", kisha ninapandisha geini mpaka mita icheze karibu na desibeli -18 na vilele vifike kama -12. Mikisa za zamani za analogi zilivumilia ukizidisha kidogo. Kwenye dijitali, sifuri ndiyo mwisho, na ukiivuka sauti inapasuka vibaya. Baada ya hapo ninakata sauti nzito chini ya Hz 100 kwenye maiki zote za kuimbia. Mtu akikanyaga jukwaa au akigusa stendi, ule mngurumo haufiki tena kwenye sabwufa, na maneno ya wimbo yanasikika vizuri zaidi.

Tofauti kubwa niliiona kwenye tatizo la maiki kupiga mlio, pale inapookota sauti ya spika na kuirudisha tena kwenye spika. Mwimbaji wetu anatumia Shure SM58, maiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na bado iko kwenye majukwaa ya kila ukubwa. Inachukua sauti ya mbele na kuikataa zaidi ile inayotoka nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita yake inakaa inatazamana na mkia wa maiki. Maiki za kuitikia ni za aina inayobana zaidi eneo inalosikiliza, na hizo sehemu zake za uziwi ziko pembeni, kama nyuzi 125 kutoka mbele, hivyo monita zake zinasogezwa upande. Bendi nyingi huruka hatua hii na kukimbilia ikwalaiza, yaani vitasa vya kupunguza au kuongeza sauti nyembamba, za kati na nzito.

Hata ukipanga vizuri, kuna kumbi zenye kuta ngumu zisizokubali. Katika ukumbi mmoja wa namna hiyo mwimbaji aliniambia, "Kaka, niongezee kidogo, sijisikii." Nikapandisha, na ule mlio mwembamba ukaanza kuota taratibu. Kwenye tableti kuna grafu inayoonyesha masafa yote kwa wakati uleule: mistari mingine ilikuwa inachezacheza, mmoja umesimama wima karibu na Hz 2,500. Nikaushusha huo tu, kwa upana mdogo, desibeli 4 kwenye monita yake pekee. Mlio ukakatika, sauti yake haikuguswa upande wa watazamaji, naye akainua kidole gumba. Kwa mikisa yetu ya zamani ningeshusha kitasa cha sauti za kati chote, na dada wa watu angeimba kama amefunikwa blanketi.

Monita zenyewe zimemaliza mabishano ya miaka. Kuna njia sita za kutoa sauti za monita, na kila mmoja anajipangia yake kwa simu: mpiga ngoma anataka besi na gita, mpiga besi anataka ngoma kubwa na sauti ya mwimbaji, mimi nataka kinanda changu kiwe juu kidogo. Programu ya simu inaruhusu kila mtu aguse monita yake bila kuharibu ya ukumbini. Kanuni tuliyojiwekea ni kupunguza vya wengine kabla ya kujiongeza mwenyewe. Bila kanuni hiyo jukwaa linakuwa na kelele kuliko ukumbi.

Sasa lawama. Wi-Fi iliyomo ndani ya boksi haifai kwa kazi ya kweli, na ninalisema hili kwa uzito wote. Mazoezini inashika vizuri kabisa. Ukumbi ukijaa, kila mtu na simu yake, yale mawimbi ya GHz 2.4 yanasongamana na tableti inakatika katikati ya wimbo. Sauti haikatiki, mikisa inaendelea na mipangilio iliyopo, lakini wewe huna mkono wa kushika kitu chochote. Mtu anayenunua mashine hii anunue na ruta yake siku hiyohiyo. Yetu inatumia GHz 5, imeunganishwa na boksi kwa kebo ya mtandao, ina nenosiri, na tunaipandisha kwenye stendi juu ya vichwa vya watu. Kuna simu na tableti zinazoikimbia Wi-Fi zikiona haina intaneti, kwa hiyo zima ile ruhusa ya kuhama mtandao zenyewe.

Umeme nao una mambo yake. Kinanda na kompyuta vikiungwa moja kwa moja mara nyingi huleta mvumo mzito usiokwisha. Dawa ni DI boksi, kiboksi cha kuunganisha ala na mikisa, yenye swichi ya kutenganisha athi (waya wa ardhini) ya upande wa sauti, na vifaa vyote vya jukwaani kuchukua umeme sehemu moja. Kuna watu wanavunja pini ya athi kwenye plagi ili mvumo uishe. Wasifanye hivyo hata siku moja: maiki ni chuma, na mdomo wa mtu uko juu yake. Kuwasha, spika ziwe za mwisho. Kuzima, ziwe za kwanza.

Umeme ukiyumba hata kidogo, boksi linajizima na kuanza upya, na mnabaki kimya mbele ya watu mpaka limalize kuwaka. Kwa hiyo mikisa na ruta tumeviweka kwenye yupiesi (UPS, betri ya akiba) ndogo. Spika hazipo humo, zingeimaliza mara moja.

Kuna jambo moja sikulitarajia wakati wa kununua. Kebo moja ya USB kutoka kwenye boksi hadi kompyuta inarekodi kila chaneli peke yake wakati tunapiga. Kesho yake mpiga besi anajisikiliza bila ngoma, mwimbaji anasikia neno analolimeza kila mara, na nami naicheza ile rekodi kupitia mikisa ileile, chaneli kwa chaneli, nikipanga ikwalaiza bila kumchosha mtu yeyote jukwaani. Mipangilio nikiridhika nayo ninaihifadhi kwa jina la ukumbi, na tukirudi huko ninaanzia hapo.