Tovuti ya biashara yako Lamu: anza na chombo gani?

Mwenye nyumba ya wageni Shela, mchongaji wa milango mjini Lamu na mshonaji wa kofia za vito huulizwa na wateja wa Nairobi na wa ng'ambo swali lile lile: mna tovuti? Na ukishajibu "bado", hukosi mtu wa kukuuzia kifurushi. Nimepanga hapa vyombo vinavyotumiwa zaidi, kuanzia ninachokipendekeza kwanza. Kipimo changu kikubwa ni hiki: ukitaka kuhama kesho, utaondoka na nini?

Kabla ya chombo chochote, nunua jina la tovuti, yaani anwani ambayo mteja ataiandika ili kuifungua. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, nawe hununua kwa wakala aliyeidhinishwa. Biashara nyingi zinafaa kuchukua .co.ke, na ada yake ya mwaka kwa kawaida haifiki bei ya chumba kizuri cha usiku mmoja Shela. Hakikisha limeandikishwa kwa jina lako na baruapepe yako, si ya fundi anayekujengea tovuti. Mkikosana, au akihamia Mombasa na simu yake isipatikane, mtu asiye na idhini ya jina hawezi kulihuisha wala kulihamisha, hata kama yeye ndiye aliyelipa.

Kwa anayeanza, nafasi ya kwanza naipa WhatsApp Business pamoja na wasifu wa biashara kwenye Google Maps. Vyote ni bure. WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaongezwa katalogi, ambamo unaweka picha, maelezo na bei. Mwenye mashua anayepeleka watu Manda Toto au kwenye magofu ya Takwa hahitaji zaidi ya hapo msimu wake wa kwanza, mradi aandike bei na saa za kuondoka badala ya "njoo inbox". Ila usijenge kila kitu juu ya cha bure. Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara tovuti ndogo kupitia wasifu huo huo, na Machi 2024 ikazizima zote. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe alilielekeza kwingine. Aliyechapisha anwani ile ya Google kwenye kadi zake alibaki na kadi zisizofika popote.

Ya pili, na kwa nyumba za wageni ndiyo ya kwanza, ni WordPress. Ni programu huria ya kujengea tovuti, ipo tangu 2003, na unaweza kuibeba na kurasa zake zote kutoka seva moja (kompyuta inayohifadhi tovuti) hadi nyingine. Usipopendezwa na kampuni inayokuhifadhia tovuti, unahama. Ukitaka duka unaongeza WooCommerce, na zipo plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, za kupokea M-Pesa. Mteja anaandika namba yake, simu yake inamwomba PIN, analipa, oda inathibitishwa papo hapo. Kwa mteja wa Kenya hilo linamaliza maneno, kwa sababu hakuna tena kutumiana picha za ujumbe wa M-Pesa usiku wa manane. Gharama yake ya kweli ni matunzo. WordPress isiyosasishwa huvamiwa, kwa hiyo kabla ya kukubali bei uliza nani atasasisha, kila baada ya muda gani, na bekapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti, inawekwa wapi. Fundi asiye na jibu la swali hilo la mwisho, muage kwa heri.

Wix na Squarespace, huduma za kujijengea tovuti mtandaoni, naziweka nafasi ya tatu. Ni nzuri kwa macho na mtu asiye fundi anaziweza. Siku hizi Wix ina akili mnemba inayokuuliza maswali machache kisha inakujengea tovuti nzima. Itumie kupata mpangilio, lakini maandishi yake yaandike upya mwenyewe. Itakuandikia "pepo iliyojificha pwani", maneno yanayofaa hoteli yoyote duniani, wakati mgeni anataka kujua kwamba ndege inatua Manda, kwamba anavuka kwa boti, nauli ni nani anayelipa, na mizigo inafikaje mlangoni kupitia vichochoro. Toleo la bure la Wix hubandika matangazo yao na kukupa anwani ndefu yenye jina lao. Zaidi ya hayo, tovuti uliyoijenga Wix haihamishiki kwenda seva nyingine. Ukiondoka unaanza upya.

Shopify, huduma ya kufungulia duka la mtandaoni, ni kwa anayesafirisha bidhaa kwa wingi, labda makubadhi ya Siyu au kofia za kupeleka Oman. Kama duka ni nzuri mno. Lakini unalipa kila mwezi kwa dola hata kama hujauza, na kwa kuwa malipo ya Shopify yenyewe hayapo Kenya, utatumia kampuni nyingine ya malipo na kukatwa ada ya ziada kwa kila mauzo. Mwenye oda chache asiiguse bado.

Chochote utakachochagua, usikihukumu kwenye kompyuta ya fundi yenye mtandao wa kasi. Simama uwanja wa Mkunguni, Lamu mjini, na simu ya kawaida, zima waifai, fungua tovuti kwa bando. Ukiona picha ya baraza yako inashuka ukanda kwa ukanda, kwanza dari, halafu mito, na bei haijaonekana, mteja ameshafunga. Mara nyingi kosa ni picha iliyopandishwa moja kwa moja kutoka kamera ikiwa na megabaiti kadhaa, ilhali ikipunguzwa inaweza kushuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kugundua. PageSpeed Insights ya Google hupima kasi ya tovuti bure. Angalia alama za simu, si za kompyuta. Na kama fomu yako inakusanya majina, namba za simu au pasipoti za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, hivyo usiombe usichokihitaji.

Bakisha sehemu ya malipo ya fundi mpaka akukabidhi nenosiri la jina, la seva na la tovuti yenyewe, nawe uingie kote kutatu kwa simu yako akiwa amekaa hapo.